Nilianza na Upande wa Nyuma

Ninyi vijana mutakaosoma haya, musinihurumie. Sikuandika kwa ajili ya huruma. Shule yangu iliishia darasa la ine, kwa hiyo mutakuta makosa ya maandishi. Hayo muyaache, ni madogo. Kosa ninalotaka mulione ni lingine, na nililifanya kwa mikono hii, muchana kweupe, nikiwa mama wa watoto wengi na akili yangu yote ndani ya kichwa.

Kazi yangu ilikuwa kufuma maua. Masista wa parokia ndio walionifundisha, kwenye foyer, ile nyumba ya kufundishia wasichana kazi za mikono, tukikaa kwenye viti virefu bila kuegemea. Modeli ilichorwa kwenye karatasi. Tulitia karatasi ya karboni chini yake, tukapita juu ya mistari kwa kalamu, ua likashuka kwenye kitambaa cheupe. Kisha tulikaza kitambaa ndani ya tamburi, ule muviringo wa mbao, na kufuata mistari kwa sindano. Roza nyekundu, majani ya kijani, ndege wawili wanaotazamana. Nimefuma roza tangu usichana mpaka macho yaliponiacha. Kwetu shambani hatukupanda roza hata moja, na harufu yake siijui hadi leo.

Jirani yangu, mwanamuke Muprotestanti asiyejua kufunga kinywa, alipenda kusimama kwenye baraza yangu na kunichokoza.

"Mama, maua yako yanasimama garde-à-vous kama askari. Komanda wao iko wapi?"

Nilimujibu kwamba kwake yeye viti viko uchi tangu aolewe, aende kwanza avivalishe. Tulicheka, akakaa, akala viazi vyangu. Ndivyo tulivyokuwa.

Sharti niwaeleze desturi, sababu ninyi sasa munanunua vitambaa vya plastiki sokoni. Wakati ule, hapa Butembo, musichana hakwenda kwa bwana bila vitambaa. Cha meza, cha kila kiti, cha kufunika mikate, cha radio. Siku ya kupeleka vyombo, wanawake wa upande wa mwanaume walivikunjua mbele ya watu wote, na jambo la kwanza walilofanya ni kuvigeuza. Hawakutazama ua. Walitazama nyuma: kama kuna mafundo, kama uzi umeruka kutoka jani moja hadi lingine bila kukatwa, kama rangi zimepandana. Nyuma ikiwa chafu, walikikunja kile kitambaa polepole, bila kusema neno, na bibi arusi alijua watakavyomusema kisimani mwaka muzima. Kazi yangu ilijulikana kwa nyuma yake. Watu walisema huwezi kujua upande gani wa kitambaa changu ni mbele.

Nilimufundisha binti yangu wa mwisho. Alikuwa na mukono mwepesi kunipita, lakini karboni hakuipenda. Alikuwa na miaka nane ama tisa aliponiuliza:

"Mama, roza hii uliionaga wapi?"

"Kwa masista."

"Na masista waliionaga wapi?"

"Fuma," nilimwambia.

Sikuona kwamba lile lilikuwa ulizo. Niliona ni uvivu wa kazi.

Vita vya kwanza vilitupita kama watu wanaokwenda mbali. Vya pili vilikuja kukaa. Kila mwaka askari wengine, kila mwaka jina lingine, na barieri mupya, kizuizi cha askari, barabarani. Bwana yangu alikuwa akinunua chumvi na sabuni Kasindi, kule mupakani, na kuziuza Beni na hapa kwetu, na hakuacha, sababu watu wanakula hata wakati wa vita. Likizo moja alimuchukua binti yetu ndani ya kamyo, amufikishe Beni, kwa mudogo wangu wa Bungulu aliyekuwa amejifungua na akahitaji mutu wa kushika mutoto. Mimi ndiye niliyesema aende.

Kamyo ilisimamishwa kwenye barieri kabla ya kuingia Beni. Askari walishusha wanaume ili wawabebee masanduku porini. Hayo tuliambiwa na wanawake waliokuwa ndani. Wao walisukumwa mbele pamoja na watoto, kamyo ikaondoka. Binti yangu hakuondoka nayo. Alifika kwa mudogo wangu kesho yake kwa miguu, peke yake, na sandali za baba yake mukononi. Bwana yangu hakurudi.

Usiku ule mutoto alilala wapi, aliona nini, sandali zilimufikia namna gani, hakusema. Mudogo wangu alimurudisha Butembo barabara ilipofunguliwa. Alikuwa akiongea kama kawaida: maji yameisha, mbuzi imekata kamba, chumvi iko wapi. Mais ukitaja ile barieri, uso wake ulifungwa kama mulango.

Kaka mukubwa wa bwana yangu alikuja na wadogo zake. Walimukalisha mutoto katikati ya sebule. Shemeji alikuwa mutu wa heshima, hakupiga kelele. Alimuuliza kama baba alipigwa, kama walimupeleka upande wa mutoni ama wa mulima, kama alisikia bunduki. Kila ulizo, mutoto alitazama vidole vya miguu yake na kujibu, "Sijue." Walipochoka, shemeji alinifuata inje.

"Mama batoto," alisema, "tutafanya namna gani? Tukiweka matanga na yeye iko muzima kule porini, tumemuzika muzima. Tukiacha na amekufa, tumemutupa kama imbwa. Hakuna mutu aliona, ni huyu mutoto tu. Donc akisema hata neno moja, utuite siku ile ile."

Nilimwambia nimesikia. Na mimi nilitaka lile neno kuliko wote. Nilikuwa nikilala kwenye kitanda cha mutu ambaye sikujua kama nimulilie ama nimungojee. Sikulia. Nilishika sindano.

Kazi ilikuwepo. Tajiri mumoja wa muji alikuwa akimuoza binti yake baada ya Pasaka, na vitambaa vyote viliwekwa mikononi mwangu. Shida ilikuwa nyuzi. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano, na uzi wote wa kufumia ulitoka kule. Nyekundu ilikuwa imebaki kidogo sana. Niliificha ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati, pamoja na kipande cha mwisho cha kitambaa cheupe, kile cha kufunika radio. Nilikuwa nimeikadiria ile nyekundu roza kwa roza.

Siku moja, jua likiwa juu, niliteremsha kopo. Lilikuwa jepesi. Kitambaa hakikuwemo.

Nilikikuta chini ya mukeka wa binti yangu, kimekunjwa muzuri mara ine. Na sasa musikilize nilichofanya, sababu ndipo kosa liko. Nilikikunjua na nikakigeuza. Mukono wangu ulifanya wenyewe, kama mukono wa wale wanawake wa siku ya vyombo. Nikaona nyuma: mafundo makubwa kama nafaka za mahindi, nyuzi zinapita juu ya nyuzi, nyeusi imeburutwa kutoka pembe moja hadi pembe ingine bila kukatwa. Nikaona nyekundu yangu yote imekwishia pale, ndani ya ule uchafu. Damu ilinipanda. Nilichukua mukasi mudogo, nikaketi barazani, na nikaanza kufumua.

Kitambaa kinafumuliwa kwa nyuma. Hii pia muijue. Unakata ushono kwa nyuma, unavuta uzi, mbele inatoweka bila wewe kuitazama. Nilifanya kazi ile kwa saa nyingi, na ningeweza kusimama saa yoyote. Mara mojamoja kitambaa kiliteleza gotini na mbele ikaonekana kidogo. Niliona bluu iliyokuwa kama shati. Niliona mustari mweusi unaokata kitambaa kati, labda barieri, labda mutu aliyelala. Watu walikuwepo, wengi, wamefumwa kwa nyeusi, wembamba, na mumoja wao alikuwa mukubwa kuliko wengine wote. Nyekundu ilikuwa mahali pawili, padogo juu na pakubwa chini. Ya pale pakubwa niliifurahia, sababu uzi wake ulikuwa murefu na ulitoka bila kukatika. Nilisema moyoni, hii itatosha roza moja na nusu.

Ndege ndogo ilikuwa ikishuka upande wa uwanja wa Rughenda wakati binti yangu alipotokea kwenye njia na bidoni ya maji kichwani. Alisimama. Hakutua bidoni. Alitazama magoti yangu, na nyuzi zilizolala kando yangu.

"Mama," aliniuliza, "ulikuwa umeisha kuiona?"

"Nimeona mafundo," nilimwambia. "Miaka yote ninakufundisha, na unanifanyia nyuma kama hii? Kwa uzi wa watu?"

Nilingoja alie, ama aombe musamaha. Alitua bidoni, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaketi pembeni yangu. Akatazama namna ninavyokata. Kisha akanyoosha mukono.

"Leta mukasi. Utapasua kitambaa."

Nilimupa. Alikuwa na haki, macho yangu yalikuwa yamechoka. Alikata polepole, akivuta uzi mumoja mumoja, akiupanga kwenye goti lake, bluu na bluu, nyeusi na nyeusi. Aliyebaki alikuwa yule mukubwa wa katikati. Alimuondoa kuanzia miguu. Mimi nilitazama mikono yake tu, na nilifurahi. Nilisema moyoni, mutoto huyu amefundishika.

Kisha nilipiga pasi kitambaa kwa mvuke mpaka matundu yakaziba, nikachora roza kwa karboni.

Siku ya vyombo nilikuwepo, nimekaa nyuma na wanawake wengine. Walipofika kwenye kitambaa cha radio, shangazi wa bwana arusi alikigeuza na kukiinua juu. Nyuma ilikuwa safi kama mbele. Wanawake walipiga vigelegele, na mumoja aliniita kwa kidole nisimame nionekane. Nilisimama.

Haikufika juma, jirani yangu alikuja kuomba moto. Alikaa kama kawaida, akaonja maharagi yangu, akasema hayana chumvi. Kisha akauliza, kama mutu anayeuliza habari za mbuzi, kama mutoto ameisha kunionyesha kitambaa chake.

Nikamuuliza kitambaa gani.

"Kile cha batu. Nilimukuta nacho nyuma ya choo anafuma. Nikamuuliza, na huyu wa shati ya bluu ni nani, na mbona anashika kinywa hivi? Akakificha. Akaniambia, 'Hapana wewe. Nitaelezea mama kwanza.'" Alicheka. "Mutoto wako iko na kiburi kama wewe."

Nilimupa moto wake. Nilimwambia aende, nina kazi.

Nilikuwa mutu wa kuamuru, na sikujua njia ingine. Nilitafuta kitambaa kipya, nikafumua shali yangu ya kanisani kwa ajili ya nyuzi, nikaviweka mbele ya mutoto na nikamwambia: "Ile uliyoifuma, uifume tena. Sitaangalia nyuma." Alijibu, "Ndiyo, mama." Alishinda juma nzima na tamburi gotini. Jumamosi alinikabizi. Ilikuwa roza, na majani mawili, na ndege wanatazamana. Nyuma hapakuwa na fundo hata moja.

Nilijaribu mimi mwenyewe. Nilikaa na kitambaa cheupe bila karboni, nikasema nitafuma ule uso wa bwana yangu, ama mugongo wake tu, namna alivyoinama kufunga magunia ya chumvi. Niliona mugongo ule ndani ya kichwa changu, wazi kabisa. Mais sindano ilipoingia, mukono ulifanya duara, na ndani ya duara duara ingine, na ilikuwa roza. Nilirudia siku nyingine. Roza. Ndipo nilijua mutoto wangu alikuwa amepata kitu ambacho mimi, mwalimu wake, sikuwa nacho: kutoa kitu ndani ya tumbo na kukiweka mahali mutu mwingine anaweza kukiona. Masista hawakumufundisha. Mimi sikumufundisha. Alikipata kule barierini, peke yake, na alikileta mpaka nyumbani kwangu, na alikiweka chini ya mukeka mpaka kiwe tayari kwa ajili yangu. Nyuma ilikuwa mbaya sababu alikuwa na haraka. Alitaka nijue upesi.

Shemeji sikumuita. Ningemwambia nini? Kwamba neno lilikuja na nimelifanya roza ya arusi? Miaka ilipita, vita vikasemwa vimeisha, na bwana yangu hakutokea. Mwishoni wakubwa waliamua tuweke matanga bila neno la mutu yeyote. Watu walijaa uwanja. Kabla ya sala, shemeji aliniuliza tena mbele ya familia yote, kwa ajili ya kutuliza roho yake, kama mutoto hakuwahi kusema kitu.

"Hakusema," nilijibu.

Binti yangu alikuwa akipita na beseni, ananawisha watu mikono. Alikuwa musichana mukubwa sasa. Hakusimama. Alimumwagia shemeji maji, akampa taulo, akaenda kwa mutu mwingine. Shemeji alikufa akiamini maneno yangu.

Leo binti yule ni mama wa watu, iko Beni, na anauza vitambaa sokoni. Maua tu. Wanamuagiza kutoka mbali, na watu wanasema nyuma yake ni safi kuliko ya mama yake. Mwaka uliopita alikuja kunitazama nilipokuwa mugonjwa. Tulikuwa tukichambua maharagi, mimi na yeye, nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote. Nilimwambia wazi: ile siku, kwenye kile kitambaa, ulifuma nini?

Aliendelea kuchambua.

"Mama, nilisahau."

"Haiwezekani."

"Inawezekana. Nilitafuta namna ya kusema bila kinywa, nikaipata. Ukaifumua. Basi nikaona hata vile haisemeki. Kisha nikafanya kazi ya kusahau, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Niko mutu wa kazi, nilifaulu." Alitupa jiwe inje. "Sasa nikikuambia aliuawa, ama alikimbia, sitajua kama niliona ama niliota. Ungeuliza wakati ule."

Nilirudisha mukono kwenye maharagi.

"Na siku ya matanga," alisema, "uliambia baba mukubwa sikusema. Nilisema, mama. Nilisema yote."

Hakulia, na hakunitukana. Alinishika mukono ili niinuke, akapeleka maharagi jikoni. Kesho yake alipanda gari ya Beni. Mimi nilibaki bila kitu ambacho hakuna mutu duniani anaweza kunirudishia, sababu aliyekuwa nacho amekitupa, na mimi ndiye niliyemufundisha kukitupa.

Gari ilipoondoka nilirudi nyumbani, nikaita mutoto wangu wa kiume, na bibi aliyemuoa, na wajukuu wote, hata wadogo. Waliketi. Bibi ya mutoto wangu alifikiri ninataka kugawa mashamba, akaleta kiti chake karibu. Niliwaambia: "Tangu leo, ndani ya nyumba hii, mutoto akifuma, akichora ukutani, akifinyanga matope, hata kama ameharibu kitambaa cha altare, hakuna mutu wa kufuta na hakuna wa kufumua mpaka mutoto mwenyewe ameketi mbele yenu na kuwaelezea mpaka mwisho. Na mukiniona mimi ninashika mukasi, muniondolee mukononi."